Kiuno cha mpira kikae flati: sketi, bukta na suruali za kushona nyumbani

Nguo ya kushona nyumbani inajulikana kiunoni. Mtu anaweza akakata sketi yake ya kitenge vizuri kabisa, maua yamekutana, pindo la chini limenyooka, alafu ukipandisha macho kiunoni unakuta mpira umejisokota umekuwa kamba, marinda yote yamejazana upande mmoja na uzi umeshaanza kukatika. Inauma kwa sababu kazi yote nzuri inapotelea pale juu.

Wengi wanalaumu mpira, wanasema wameuziwa mpira mbovu. Kuna wakati ni kweli, ila mara nyingi shida iko kwenye njia, yani lile pindo unalopitishia mpira. Njia ikiwa pana kuliko mpira wenyewe, mpira unapata nafasi ya kugeuka humo ndani, we ukikaa ukasimama ukainama kufagia unageuka, na ukishageuka haurudi wenyewe. Kwa iyo ukishika kitu kimoja tu kwenye haya maelezo shika hiki: njia iubane mpira, nafasi ya ziada iwe nusu ya robo inchi, basi. Mpira wa inchi 1, njia ya inchi 1 na nusu ya robo. Nashangaa sana naona watu wanaacha hadi nusu inchi eti ili pini ipite kirahisi, pini inapita kirahisi kweli lakini nguo ndo imeshaharibika hapo.

Sasa tuanze na kununua. Kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji, iwe Moshi maeneo ya sokoni au Arusha kuzunguka Soko Kuu, mpira unauzwa kwa mita na ukiangalia haraka haraka yote inafanana, meupe na meusi. Haifanani. Shika kipande uvute kwa nguvu uangalie upana wake. Kuna ambao ukiuvuta unakonda, wa inchi 1 unabaki kama robo tatu, huo ni wa kusukwa, ni mzuri kwa kupitisha kwenye njia lakini haupendi kutobolewa tobolewa na sindano, ukiushona juu yake unalegea. Kuna mwingine ukivuta upana unabaki ule ule, mgumu kidogo, una mistari mistari imesimama, huo umefumwa, ndo wa kiuno cha sketi nzito na suruali maana unakataa kujikunja wenyewe na unavumilia sindano. Alafu kuna ule laini laini unaokunjika hovyo mkononi, huo ni wa nguo za kulalia, za watoto wachanga na chupi, usiweke kwenye sketi ya kitenge ya yadi mbili, hautabeba ule uzito. Na kabla hujalipa, vuta kipande cha sentimita 10 hadi kikaribie 20 alafu achia, kikirudi 10 ni mzima, kikibaki 11 au 12 achana nacho. Ukisogeza sikio ukasikia unakwaruza kwaruza ndani ujue zile nyuzi za mpira zimeshakauka dukani.

Upana unategemea nguo. Bukta ya mtoto robo tatu inatosha, sketi ya mtu mzima inchi 1 au 1 na robo, suruali ya kushindia na traki inchi 1 na nusu. Mie napenda zaidi 1 na robo kwa wamama, inashika tumbo vizuri bila kukata.

Ukifika nyumbani loweka mpira kwenye maji ya vuguvugu uuanike kivulini, na kitenge nacho kifue kwanza kwa sababu pamba inarudi. Watu wanaruka hii hatua alafu baada ya fua ya kwanza kiuno kinabana wanasema wamenenepa.

VIPIMO

Unahitaji vipimo viwili, kiuno na hipsi. Hipsi pima pale panene kabisa, sio pale unapopenda wewe. Kitambaa cha kiunoni lazima kipite kwenye hipsi kwa hiyo chukua hipsi ongeza inchi 2 mpaka 4. Mpira wenyewe chukua kiuno toa inchi 2 mpaka 4 kulingana na ugumu wa mpira, ule mgumu toa kidogo, ule unaovutika sana toa zaidi, alafu ongeza inchi 1 ya kuungia. Mfano mama ana kiuno 34 na hipsi 42: kitambaa kiunoni 45, mpira 31 na ile 1 ya kuungia unakata 32. Ila usikate kwa hesabu peke yake asee, zungusha mpira kiunoni kwako, bana na pini, kaa chini, pumua, maana mwingine anapenda kikae juu ya kitovu na mwingine chini na namba zinabadilika.

Kuna hesabu nyingine ambayo hamna anayeisema. Gawanya kitambaa kwa mpira. Pale kwenye mfano 45 kwa 31 ni karibu moja na nusu, hapo marinda yanakaa vizuri. Ikizidi mbili, kitenge kile cha nta kigumu kinarundikana, kiuno kinakuwa kinene na hakuna mpira utakaokilaza. Sasa mtu anachukua yadi mbili nzima, ni inchi 72 hizo, anapitisha mpira wa 31 moja kwa moja, zaidi ya mara mbili, alafu anashangaa kwa nini anaonekana ana tumbo kubwa. Dawa yake ni kukata mkanda wa kiuno peke yake. Mkanda unakuwa na urefu wa 45 na nafasi ya mshono, zile 72 za sketi unazikusanya kwa mishono miwili mirefu mirefu ya kulegea hadi zifike 45, unashonea kwenye mkanda, ndo mpira unapita ndani ya mkanda. Kwa mpira wa inchi 1 mkanda ukate upana inchi 3 na robo: inchi 1 na nusu ya robo mara mbili, na nusu inchi kila upande ya kushonea. Marinda yanagawanywa mara mbili hivo, kidogo kwenye mkanda, kidogo kwenye sketi, na kiuno kinalala.

KUTENGENEZA NJIA

Kwa sketi isiyo na mkanda au bukta unakunja kitambaa chenyewe. Kunja robo inchi kwanza upige pasi, alafu kunja tena inchi 1 na nusu ya robo upige pasi. Hapa kuna kitu kidogo kinachosaidia mno, kata kipande cha boksi gumu chenye upana huo huo wa inchi 1 na nusu ya robo, urefu kama wa rula, kinyooshe sawa sawa, ukiweke kwenye kitambaa na ukunjie kitambaa juu yake huku unapiga pasi, unasogeza boksi unapiga, unasogeza unapiga, kiuno kizima kinatoka upana mmoja bila kupima kila mahali. Kama unatumia pasi ya mkaa pangusa majivu kwanza na jaribu kwenye kipande. Umeme ukiwepo au usipokuwepo pasi haikwepeki hapa, kukunja kwa kidole halafu unashona unakimbia nayo ndo inaleta njia ambayo huku nyembamba huku pana, na pale palipo pana ndipo mpira unapogeukia.

Kabla hujakunja shughulikia mishono ya pembeni. Hii ni sehemu ambayo watu wanapata tabu sana baadae. Ule mshono wa ubavuni una mabaki ya kitambaa pande mbili, ukikunja njia yale mabaki yanakuwa ndani ya njia, na pini ikifika pale inaingia chini ya yale mabaki inagoma, unasukuma inagoma, unavuta kwa hasira unatoboa kitambaa. Fungua yale mabaki kwa pasi, moja kushoto moja kulia, alafu yashone yalale kwenye kitambaa kuanzia juu kushuka inchi 3 hivi. Mshono mmoja kila upande. Pini itapita hapo haitajua hata kama kulikuwa na mshono.

Sasa shona njia. Anzia nyuma katikati, shona karibu kabisa na lile kunjo la chini, zunguka, na ukikaribia ulipoanzia acha inchi 2 wazi za kupitishia. Rudisha cherehani mwanzo na mwisho ili pasifumuke. Sindano namba 14 kwa kitenge, 16 kwa kaki, na kama ni kitambaa cha kuvutika tafuta sindano yenye ncha ya mviringo la sivyo inaruka ruka. Wanaopenda ule mshono mwingine pale juu kabisa kwenye ukingo, unapendeza na unasaidia mpira usigeuke, lakini unakula njia, kwa iyo ongeza nusu ya robo nyingine wakati wa kukunja. Na kitambaa kizito, mfano zile fulana nzito na blanketi laini tunazoshonea traki za mwezi wa 6 na wa 7 Arusha inapopoa, ongeza hadi robo nzima, unene wa kitambaa nao unachukua nafasi.

KUPITISHA NA KUUNGA

Kabla ya kupitisha chora alama ndogo ya kalamu kwenye ncha zote mbili za mpira, upande mmoja, ule utakaotazama nje. Pini kubwa ya nepi mbele, na ncha ya nyuma ibane na pini nyingine kwenye kitambaa isije ikaingia yote ndani ukaanza upya. Sukuma pole pole, kunja kitambaa, nyoosha, kunja, nyoosha. Ikitokea upande wa pili angalia alama, zote mbili zinatazama upande mmoja? Kama moja inatazama ndani mpira umejipinda mahali, usiunge, papasa njia kwa vidole mpaka uipate sehemu ilipopindia uinyooshe.

Kuunga usifunge fundo. Naona kwenye nguo za watoto mpira umefungwa fundo kubwa, mtoto anakaa kwenye dawati siku nzima fundo linamchoma mgongoni, sio haki. Lalisha ncha moja juu ya nyingine inchi 1, shona kiboksi cha pembe nne na ndani yake piga msalaba. Kwa mpira ule mgumu wa kufumwa hiyo inakuwa nene kidogo kwa hiyo fanya hivi: chukua kipande kidogo cha kitambaa, ncha mbili za mpira zikutane bega kwa bega juu yake bila kupandana, shona kila ncha kwenye kile kipande mistari mitatu minne ya kwenda na kurudi. Inakaa flati kabisa, ukipapasa huioni. Kumbuka tu ukiunga namna hii ile inchi 1 ya ziada huihitaji, ikate.

Usifunge bado ile nafasi ya inchi 2! Vaa kwanza. Kaa, inama, panda ngazi, kula chakula cha mchana nayo kama una muda. Ukiona inabana au inashuka unafumua kiungo tu sio kiuno kizima. Ukiridhika ndo unafunga, na wakati wa kufunga vuta mpira pale ulipo ili kitambaa kinyooke flati chini ya sindano, na hakikisha sindano haigusi mpira.

Kitu cha mwisho kwenye njia hii na watu hawakifanyi: kugawa marinda na kuyafunga. Vuta kiuno kizima kwa mikono miwili kwa nguvu mara kadhaa, geuza geuza, marinda yatajitawanya. Alafu tafuta nukta nne, mbele katikati, nyuma katikati, na mbavu mbili, hakikisha kati ya nukta na nukta mpira uko sawa. Ukiridhika piga mshono wa wima, kutoka juu ya njia hadi chini, ndani kabisa ya mfereji wa mshono wa ubavuni, kushoto na kulia, na nyuma katikati. Uzi unazama kwenye mshono wa zamani hauonekani. Mishono hiyo mitatu ndo inayokataza mpira kuzunguka na marinda kuhama, miaka na miaka. Ukiwa umetumia mpira wa kusukwa, ule unaokonda, fanya kwa mkono mishono michache tu badala ya cherehani.

KUSHONEA MPIRA MOJA KWA MOJA

Nguo za kuvutika na traki mara nyingi hazina njia ya kupitishia, mpira umeshonewa juu ya kitambaa. Ukitaka kuielewa hii kazi chukua traki ya mtumba, pale kwenye masoko ya Moshi, Memorial au Kiboriloni, zipo za kila aina, igeuze ndani nje uikague kiuno, utaona ovaloki, yani ule mshono wa mashine ya kufunga kingo, imeshika ukingo wa mpira na kitambaa pamoja, alafu imekunjwa mara moja ikashonwa tena.

Namna yake: unga mpira uwe duara kwanza, gawa duara robo nne weka alama, gawa kiuno cha nguo robo nne weka alama, bana alama na alama kwa pini, mpira ukiwa upande wa ndani ya nguo na ukingo wake sawa na ukingo wa kitambaa. Shona huku unauvuta mpira uwe sawa na kitambaa kati ya pini na pini. Mkono mmoja mbele ya sindano mwingine nyuma, mivuto iwe sawa, cherehani ndo itembeze nguo. Ukivuta nyuma peke yake sindano inapinda inagonga bati inakatika, na kipande kinaweza kuruka machoni. Alafu kunja mpira wote uingie ndani, shona tena kwenye ukingo wa chini huku umeuvuta vile vile.

Sasa cherehani zetu nyingi za kukanyaga, Butterfly na Singer zile nyeusi, zinashona mstari mnyoofu tu, hazina zigizaga, yani ule mshono wa kwenda pembe pembe. Mstari mnyoofu hauvutiki, ukivaa nguo kwa nguvu uzi unakatika pwa! Kwa iyo una njia mbili. Ya kwanza na ndo nayoishauri, bana mpira kwa pini au piga bandi, yani mishono ya mkono ya kushikiza kwa muda, kisha peleka kwa fundi mwenye ovaloki akupigie ule mzunguko wa kwanza, mafundi wa mjini wamezoea kuletewa kazi kama hizo. Ya pili, kama huna namna, refusha hatua ya mshono, tumia uzi wa polista sio wa pamba, legeza uzi wa juu kidogo na vuta mpira mpaka mwisho wake wakati unashona, ili ukirudi uzi uwe na akiba. Lakini kama ni kitenge au kaki na una cherehani ya mstari mnyoofu, rudi kwenye njia ya kupitisha, ndiyo inayoendana nayo.

Kwa mavazi ya heshima, ofisini au kanisani, wengi wanapenda mbele kuwe flati na mpira uwe nyuma peke yake. Inawezekana vizuri. Mkanda wa mbele weka gamu, kile kitambaa cha kukazia kinachobandikwa kwa pasi, mkanda wa nyuma pitisha mpira na ncha zake zishonwe kwenye mishono ya mbavu kabla hujafunga mkanda. Mpira wa nyuma hapo uwe kama nusu ya kiuno kasoro inchi 2. Jaribu kwanza kama nguo inapita hipsi maana mbele hakuvutiki tena, nyuma ndo inabeba kazi yote.

Sketi na kaptula za shule nafanya tofauti kidogo. Mpira naukata mrefu zaidi ya kipimo chake cha kawaida kwa inchi 3, napandanisha ile ziada yote ndani na kuishona kwa mishono michache ya mkono, na ile nafasi ya nyuma naifunga kwa mkono pia. Mtoto akikua mwakani unafumua pale, unaachia inchi moja, unafunga. Kaptula ni ile ile.

Kwenye kutunza: joto, jua kali, mafuta ya kujipaka na Jik ndo vinaua mpira. Usipige pasi ya moto juu ya kiuno, pitisha pembeni ya marinda tu, na usiloweke kwenye Jik nguo yenye mpira hata kama ni nyeupe. Anika ikiwa imegeuzwa ndani nje, kiuno kikiwa kivulini kama kamba yako inaruhusu.

Na mpira ukichoka huna haja ya kufumua kiuno kizima. Fumua ile mishono mitatu ya wima na inchi 2 za nyuma, kata mpira wa zamani pale ulipoungwa, shonea mpira mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, ncha kwa ncha bila kupandana ili usikwame njiani, alafu vuta wa zamani kutoka upande wa pili. Wa zamani unatoka, mpya unaingia nyuma yake ukiwa umenyooka, pini hata huigusi.